Kwa Ma Philo Hakuuzwi Kabla ya Salamu

Redio ya Ma Philo hukaa juu ya rafu, katikati ya chupa za ramu, na mchana ule ilikuwa ikiwatangazia watalii habari za Anse Galette, kijiji cha kisiwani. "Mgeni atarajie ukimya," ilisema, "maji ya buluu, na wenyeji wasio na haraka."

Hakimu akakita kete ya dhumna mezani mpaka glasi zikaruka. Jina la Hakimu hakulipata kwa kuhukumu watu, alilipata kwa kushtakiwa mara kwa mara.

"Ukimya upi? Jogoo wa Kaptein anawika usiku kucha kama ana deni na jua."

"Jogoo wangu muache, ana kazi kuliko wewe," akajibu Kaptein, ambaye hajawahi kumiliki hata mtumbwi, na bahari anaiogopa.

"Na maji ya buluu je?" aliuliza Toloman, mkulima wa ndizi. "Ufukwe mzima umejaa mwani unaonuka kama mayai viza. Juzi nimepita tu pale, mke wangu kanilaza na mbwa."

"Ila hapo pa wenyeji wasio na haraka hawajadanganya," alisema Kaptein. "Ndio sisi hao."

"Wewe huna haraka kwa sababu huna pa kwenda," akasema Hakimu.

Ma Philo hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa amekaanga maandazi na samaki wa chumvi, akafuta meza mara mbili, na moyo haukumtulia. Siku hiyo mtu wa mabasi ya watalii alikuwa anakuja kuchagua basi lisimame wapi: kwake, au pale njia panda kwenye mgahawa mpya wa vioo. Duka alilorithi kwa mama yake lilikuwa linakufa taratibu. Basi lisiposimama, atafunga, na hilo alishamwambia Mungu na Kaptein.

"Leo mkae kienyeji," aliwaasa.

"Kienyeji ndio vipi?" Hakimu akauliza. "Nivue viatu?"

"Ukivua hata mwani utakimbia," akasema Toloman.

Ndipo akaingia kijana wa shati jeupe na miwani ya jua, mtu wa mjini wa kisiwa hichohicho. Alikwenda moja kwa moja hadi kaunta. "Nipe bia ya baridi. Hapa ndipo kwa Philo?"

Duka likanyamaza. Ma Philo akachukua glasi, akaanza kuifuta.

Kijana akadhani mama hasikii, akapaza sauti. "Nimesema bia."

Glasi ikaendelea kufutwa. Toloman akakohoa kikohozi cha kumgutua mtu, kijana akasogea kando akihofia mafua.

Kaptein akainamia kaunta, akanong'ona, "Ma Philo, ndiye huyo. Leo fumba jicho."

"Jicho nitafumba. Na sikio?"

"Basi zima hilo, mama. Watu tele."

"Kaptein," alisema Ma Philo bila kushusha sauti, "mbwa wa jirani akiingia humu hutikisa mkia kwanza."

Kijana aliwatazama mmoja mmoja, akatoka. Hakimu akashusha pumzi. "Haya. Ukimya wao wameupata."

Ma Philo akayafunika maandazi kwa kitambaa. Alimwonea mama yake hasira kwa kumlea vile. Lakini glasi hakuiweka chini.

Nje, kijana alisimama juani, miwani mkononi, akakitazama kizingiti kama mtu aliyesikia bibi yake akimwita jina lake lote. Kisha akaingia upya, polepole.

"Habari za mchana, jamani."

"Njema," duka zima likaitika.

"Njema, mwanangu," alisema Ma Philo, kana kwamba hajawahi kumwona. "Karibu. Nikupe nini?"

Alikunywa bia, akala maandazi manne, na hakuna aliyegusia yaliyopita.

Mwezi uliofuata redio ilikuwa na maneno mapya: mgeni atarajie kutouziwa kitu kwa Ma Philo mpaka awasalimu wote waliomo. Basi likaja limejaa. Watalii wakapanga foleni mlangoni, kila mmoja akavua kofia, akapita meza ya dhumna akimsalimu kila mtu. Na salamu, kwa Ma Philo, lazima ijibiwe.

"Njema," alisema Hakimu. "Njema. Njema, mama. Toloman, zamu ya nani?"

"Nimesahau. Njema, mzee."

"Ma Philo, na sisi tufumbe sikio kidogo."

"Mjibu mgeni, Hakimu."

Kete zilikaa mezani vilevile hadi koo likamkauka Hakimu kwa kuitikia. Akatoka nyuma kujisaidia, akarudi anapangusa jasho, akaegemea kaunta.

"Philo, nipe robo ya ramu, upesi."

Duka likanyamaza. Watalii wote wakageuka wakamtazama, bibi mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni. Ma Philo akachukua glasi, akaanza kuifuta.