Lita Sita kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata 127. Sikujua hata kama nilikuwa na mtihani.

Mimi ni mwandishi wa mabango. Miaka ishirini na sita sijawahi kukosea herufi. Wiki iliyopita nimekosea tatu! Kosa la mwisho lilikuwa kwenye bango la fundi viatu. Alitaka VIATU IMARA, nikamwandikia VIATU MARA. Alinipigia simu kuniuliza mara ngapi.

Halafu kichwa kinauma. Chakula kinanitia kichefuchefu. Juzi nilikosa kipago cha ngazi nikabaki nikining'inia kwenye paa la duka la dawa kama shati lililoanikwa. Mke wangu alisikia, na leo asubuhi kanishika mkono mpaka hospitali.

Daktari ni binti mdogo, miwani mikubwa. Kaniita mzee. Nina miaka hamsini na miwili! Kasema damu yangu ina sodiamu ndogo. Sodiamu ni kitu kilichomo ndani ya chumvi, na kwenye damu inatakiwa iwe kati ya 135 na 145. Ikishuka, ubongo unaanza kulalamika. Ndiyo maana herufi zinanitoroka.

Anashuku vidonge vyangu vya presha, vile vinavyonipeleka chooni kila saa. Kaniambia niviache, kanipa vya aina nyingine. Vinywaji vyote visizidi lita moja kwa siku. Nisijiongezee chumvi kwa akili yangu mwenyewe. Nisipande ngazi. Nirudi Alhamisi tupime tena. Nikitapika, nikichanganyikiwa au nikianguka, nije mbio nisingoje Alhamisi.

Akauliza nakunywa maji kiasi gani. Nikasema ya kawaida.

Ukweli nauandika humu tu: lita sita.

Sababu ni Rula, mwandishi wa mabango mwenzangu. Karakana yake inatazamana na yangu, barabara tu katikati. Tunamwita Rula kwa vile anapiga mstari ulionyooka bila kifaa chochote. Mezani kwake kuna galoni la lita tano. Aliniambia mwezi wa kwanza kwamba analimaliza kila siku, na kwamba hiyo ndiyo siri ya mkono usiotetemeka. Basi yeye tano, mimi sita. Hesabu rahisi.

Na siwezi kumwachia nafasi sasa hivi. Jumamosi mwalimu mkuu wa shule anachagua mtu wa kuandika ukuta wa maktaba mpya. Ukuta wote! Herufi ndefu kuliko mimi. Nilikusudia habari ya ngazi niifiche nyumbani. Bahati mbaya mke wangu alikuwa amekaa pale pale, anaitikia kwa kichwa kila daktari anapomaliza sentensi.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaza usiku kucha, nimepata jibu. Chumvi imepungua. Basi iongezwe! Jambo la wazi hivi linahitaji shahada ya nini? Nahisi daktari amenikataza ili nisipone kabla ya Alhamisi.

Nimetia kijiko kimoja kwenye chai. Sitaeleza ladha yake.

Mke wangu kaona uso wangu, kachukua kopo la chumvi kalificha. Nikalitafuta. Nimelikuta nyuma ya mafuta ya taa. Nikawa nalamba kidogo kidogo kiganjani, mara mlango ukafunguliwa. Mama mkwe!

Mama mkwe anaishi nasi chumba cha nyuma. Alikuwa mpishi wa shule miaka thelathini, alilisha watoto mia nne kwa siku, na hakuna mtu aliyewahi kumwibia hata kitunguu. Akanitazama, akatazama kiganja.

"Mkwe wangu," akasema, "kwani wewe mbuzi?"

Nikasema hapana, mama.

Akasema basi niache kulamba, mbuzi wenyewe wana adabu kuliko mimi. Akaondoka na kopo.

Mchana kiu ikanikamata. Kiu gani hii! Karakanani nimekunywa jagi la kwanza, nikanywa la pili. Rula naye kule ng'ambo akainua galoni lake, akanipungia mkono. Nikanywa la tatu ili asijisifu.

Jioni kichwa kimegongwa nyundo mpaka nimeshindwa kusoma gazeti. Labda chumvi haikutosha.

Jumatano, 5 Machi

Ugunduzi!

Nilikuwa natengeneza rangi nyekundu kwa ajili ya bango la kinyozi. Rangi ya maji, ile ya bei nafuu. Mawazo yalikuwa mbali, nikaendelea kumimina maji kwenye kopo. Nilipoangalia, nyekundu imekuwa waridi. Nikaanza kumlaani aliyeiba rangi yangu. Kisha nikachungulia ndani.

Nani kaiba? Rangi yote imo humo humo koponi. Haikupungua hata tone. Maji ndiyo yaliyozidi.

Nikachukua makopo matatu. La kwanza kijiko cha rangi na kikombe kimoja cha maji. La pili kijiko kile kile, vikombe vitatu. La tatu vikombe sita. Nikayapanga dirishani. Nyekundu, waridi, na kitu kama mate ya mtoto aliyekula pipi. Nimeyatazama nusu saa nzima. Wateja wawili wamekuja wakaondoka.

Kumbe damu yangu imezimuliwa! Huenda sina upungufu wa chumvi hata kidogo. Nina mafuriko. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini daktari alizungumzia maji na mimi nikasikia chumvi.

Lakini mbona nakojoa sana na bado maji yamebaki? Figo zinafanya nini huko ndani? Zimelala? Nitamuuliza.

Nimeapa: kuanzia leo lita moja, Rula apende asipende. Na nimeshika kiapo. Jioni nilikuwa nimekunywa glasi nne tu. Barafu siihesabu, barafu unaitafuna. Tikiti maji ni tunda. Uji unaliwa kwa kijiko. Supu ni mboga yenye uhuru.

Mama mkwe hakubishana. Akachukua bakuli langu la barafu, akaliweka juani, akanisubirisha. Ilipoyeyuka akaimimina kwenye jagi lake la kupimia, lile la jikoni la shule. Nusu lita na kidogo! Akaninyooshea jagi karibu na pua.

"Hii unaitafuna, eti?"

Sijawahi kushindwa na barafu mpaka leo.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika nimelala. Kitanda cha hospitali, pembeni ya dirisha.

Asubuhi wametoa damu. Jibu limekuja: 124. Imeshuka zaidi! Daktari akavua miwani, akaivaa tena. Akaniuliza maswali ya ajabu. Jina langu. Mahali tulipo. Leo siku gani.

Nikajibu Jumanne, bila wasiwasi wowote.

Nikageuka kumtazama mke wangu ili tucheke pamoja kuhusu swali la kitoto namna hii. Hakuwa akicheka. Alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili, machozi yamemjaa. Ndipo nikajua siyo Jumanne.

Niliogopa. Sikuogopa kwa ajili ya ukuta wa maktaba. Niliogopa kwamba kuna kitu kilikuwa ndani ya kichwa changu nacho kimeondoka kimya kimya, na mimi nilikuwa wa mwisho kujua.

Nikakiri. Lita sita, majagi, chai ya chumvi, barafu, Rula na galoni lake. Daktari akaandika yote. Hakunigombeza. Akasema tu, "Mzee, siku ile ungenijibu hivi, usingelala hapa." Ningependa angenigombeza.

Mke wangu amekunja shati langu, akalikunjua, akalikunja tena.

Nimemuuliza daktari habari ya figo. Akavuta kiti, akanichorea kwenye karatasi. Figo zina kiwango cha maji zinachoweza kutoa kwa saa. Ukizizidishia, yanabaki. Na vidonge vile vya presha vilikuwa vinatupa chumvi nje na kuzizuia figo kuyatoa maji ya ziada. Mimi nikawa namimina juu, vidonge vinaziba chini. Maji yaliyozidi yanaingia kwenye chembe za mwili, zinavimba. Mguu ukivimba una nafasi. Ubongo umo ndani ya fuvu, hauna pa kwenda.

Nikauliza: basi si mnipe chumvi nyingi kwa dripu tumalize leo? Akatikisa kichwa. Ubongo umeshaanza kuizoea hali hii. Ukiipandisha sodiamu kwa pupa unaumia, na madhara hayo huenda yasipone. Ipande taratibu. Watanipima kila baada ya saa chache. Maji nitapewa kwa kipimo.

Akaniachia karatasi yake. Amechora figo kama maharage mawili yenye mikia. Mistari imepinda, lakini nimeielewa yote. Nimeikunja nikaiweka humu shajarani.

Ijumaa, 7 Machi

129! Kichwa chepesi. Nimeambiwa ni Ijumaa kabla sijaulizwa, nikajibu kwamba najua.

Saa nne akaja mgeni. Rula! Kavaa shati la kutokea. Amekaa ukingoni mwa kiti, anazungusha kofia. Mke wangu alikuwa amemsimulia yote.

Akasema ana jambo. Nikamwambia aseme.

Galoni hanywi. Hajawahi kulinywa. Analitumia kuoshea brashi. Maji yenyewe anakunywa akisikia kiu, glasi tano, sita, kama watu wote. Siku ile mwezi wa kwanza alinitania tu, akaona nimeshtuka, akaona raha akaendelea.

"Lakini nilikuona ukiinua!" nikamwambia.

"Nilikuwa namwaga kwenye ndoo, kaka. Wewe ulikuwa unakunywa kweli?"

Miezi miwili! Nimeshindana miezi miwili na maji ya kuoshea brashi!

Nilitaka kumrushia mto. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, naye akaongeza la pili, kwa sauti ndogo. Tahajia haijui vizuri. Tangu aanze kazi hii huchungulia mabango yangu na kunakili. Mimi nilipoanza kukosea naye akakosea. Fundi viatu wa mtaa wa pili naye ana bango la VIATU MARA.

Nimecheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kama nimechanganyikiwa tena.

Jioni nimeruhusiwa. Masharti: lita moja, hesabu ya mama mkwe, na nirudi Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi

Uchaguzi wa ukuta. Mke wangu kasema twende wote au nisiende. Tumeenda wote. Mama mkwe naye kaja, na jagi ndani ya kikapu.

Mwalimu mkuu ni mama mrefu asiyependa maelezo. Kila mmoja aliandike neno MAKTABA kwenye ubao, basi. Rula kaandika kwanza. Mistari mizuri, ungedhani imepigwa kwa uzi. MAKATABA. Ubao wangu haukuwa mbele yake ili achungulie, maskini.

Mimi nimeandika nimekaa kwenye kiti. Daktari kakataza ngazi, hakukataza kiti. Herufi saba, zote zipo, kila moja mahali pake. Nimezihesabu mara nne. Mguu wa A ya mwisho umepinda kidogo.

Mwalimu mkuu kaangalia ubao huu, kaangalia ule. Akauliza nani anaweza kupanda ngazi. Rula akanyoosha kidole. Akauliza nani anajua kusoma. Nikanyoosha mimi. Akasema basi tuufanye ukuta pamoja, mmoja juu mwingine chini, na asisikie kelele wakati wa masomo.

Nilijiandaa kukataa. Miaka yote hii nishirikiane na Rula? Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikashukuru.

Mama mkwe akamimina glasi moja kutoka kwenye jagi, akanipa. "Kunywa, umestahili. Imebaki robo lita mpaka kesho asubuhi."

Jumatatu, 10 Machi

136! Daktari katabasamu kwa mara ya kwanza. Mke wangu kamshika mikono yote miwili hakuiachia mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Vidonge vya zamani nisivirudie tena, niseme hivyo kwa daktari yeyote nitakayekutana naye. Maji ninywe nikisikia kiu, nisishindane na mtu. Karudia neno hilo mara mbili, nisishindane. Nimemwambia nimeelewa. Na nimeelewa kweli. Mafuriko, maharage mawili, yote ninayo kichwani.

Mchana tumeanza ukuta. Rula juu ya ngazi, mimi chini na karatasi ya maneno, namsomea herufi moja moja. Kazi imekwenda vizuri ajabu. Wakati wa kupumzika nikamwonyesha jibu langu la maabara, ajionee. Akasema naye alikwenda kupimwa jana, hofu yangu ilimwingia. Akatoa lake mfukoni. Tukayaweka sambamba kwenye ngazi.

Sodiamu yake 139. Sawa, nimemwachia hiyo, mimi nimetoka hospitali.

Lakini chini yake kuna mstari mwingine. Potasiamu. Yangu 4.1. Yake 4.6!

Nimemsomea herufi mpaka saa kumi kama kawaida. Njiani kurudi nimemuuliza muuza matunda potasiamu inapatikana wapi, kasema amesikia ni kwenye ndizi. Nimenunua mkungu mzima. Nimeuweka karakanani nyuma ya mbao, mama mkwe hafiki kule.

Nimeanza na ndizi tisa. Mkono haujawahi kutulia hivi.