Kuku wa Mama na Wimbo wa Kunong'ona

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya mtu niliyekuwa namwinda miezi miwili.

Mtu mwenyewe ni Neema, mwalimu, kahamishiwa huku Bariadi kutoka Moshi. Neema anampenda dada mmoja anayeimba na gitaa, nyimbo za taratibu, karibu na kunong'ona. Siku aliponiambia dada huyo anakuja, nikajibu haraka: "Huyo? Nyimbo zake zote ninazijua!" (Sikuwa najua hata moja.)

Leo mchana, kabla ya kumpitia, nikaenda stendi kupokea kuku. Mama kamtuma kwa basi kutoka Mwandoya, kafungwa miguu, yuko ndani ya kikapu. Kwenye simu alinisisitizia: "Kesho umpikie huyo mwalimu, mgeni wako. Ajue kwenu kuna watu." Muda wa kurudi nyumbani haukuwepo. Nikampitia Neema hivyo hivyo, na tulipofika kikapu nikamwachia mlinzi getini.

Shughuli ilikuwa bustani ya nyuma ya mgahawa, saa kumi jioni. Viti vya plastiki kama thelathini. Dada akaketi kwenye stuli, macho chini, akaanza. Nikasubiri ngoma ichanganye. Wapi! Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, watu kimya kama wako kwenye mtihani. Mguu wangu ukaanza kutikisika wenyewe. Nikageuka kushoto, nikageuka kulia, nikakohoa.

"Tulia basi," Neema akaninong'oneza. "Umekalia siafu?"

Ningetuliaje? Mimi nimekulia kwenye ngoma. Kwetu mwimbaji akikukuna, unainuka unamtunza. Huyu atampa leso, yule noti, na kuna mzee niliwahi kumwona akitoa mbuzi. Mwimbaji asipotunzwa, sauti inamwishia. Na huyu yake ilikuwa inazidi kushuka, hakuna hata mmoja aliyeinuka! Nikaona aibu kwa niaba ya mkoa mzima.

Ukaja wimbo wa marehemu baba yake. Katikati, dada akanyamaza. Akafumba macho, kichwa akakiinamisha juu ya gitaa. Nikajua basi, kakata tamaa. Tena nikawaza, Neema akiniona namwokoa mwimbaji wake, kazi imeisha.

Nikatoka mbio hadi getini. Nikarudi na kuku mkononi, mabega yanacheza. (Ndiyo, bila muziki. Msiniulize.) Nikapita katikati ya viti, nikamweka yule kuku kwenye mapaja ya dada, kwa heshima zote.

Dada akapiga yowe kwenye maiki. Kuku naye akapiga lake. Kamba ikafunguka! Kuku akapita juu ya vichwa vya watu, akamwaga soda, akaangusha spika. Wale wote waliokuwa kimya, kumbe sauti wanazo!

Dada akanitazama, mkono kifuani. Akasema polepole, tena kwa maiki: "Kaka yangu, nilikuwa nimenyamaza makusudi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Aliyemkamata kuku ni Neema, kwa mkono mmoja, akambana kwapani. Bustani nzima ikampigia makofi. Dada akacheka, akamwita wapige picha, yeye, Neema na kuku. Nami nikasogea.

"Wewe pembeni kidogo," Neema akasema.

Tulipotoka, sikuweza kuvumilia. Nikaanza kumweleza habari za kutunza, za leso, za yule mzee na mbuzi wake. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumtunza si vibaya. Ila ungesema tu kwamba huzijui."

"Sizijui nini?"

"Nyimbo zake. Anayezijua angejua kwamba pale huwa ananyamaza."

Nikanyoosha mkono nipokee kuku. Neema akanikatalia, akapanda bodaboda na kuku wake kwapani. "Huyu nakwenda naye. Ameshtuka sana, maskini." Kuhusu mimi niliyeshtuka, hakusema lolote.

Sasa hivi niko chumbani, sikai wala silali, natembea tu kati ya mlango na dirisha. Mama kapiga simu.

"Vipi mwanangu, kuku kamfikia mgeni?"

"Kamfikia, Mayu. Yuko kwake kabisa. Mimi ndiyo sijafika."