Nani Aliwafundisha Ng'ombe Wimbo Wangu

Jumanne, 10 Juni 2025. Nanganga.

Miaka arobaini na minne tangu niondoke. Nimeshuka kwenye basi mchana na hakuna aliyenitambua isipokuwa mpwa wangu Beatrisi, naye amenitambua kwa kofia. Ni ile ile, pana, ya kahawia, niliyovaa siku ya kurekodi. Iringa nimekuwa mtunza maktaba. Hapa nilikuwa mwimbaji wa muziki wa kantri, tungo zangu mwenyewe, tena kwa Kiswahili, wakati wenzangu wote wakipiga rumba.

Nilirekodi nyimbo mbili. Ya kwanza hata mimi siipendi. Ya pili ni "Rudi Zizini". Mchungaji anamwita ng'ombe wake giza linapoingia, na kwenye kiitikio sauti inapanda, inavunjika kooni, inashuka, kama ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Redio iliupiga Jumapili chache mwaka 1979. Basi. Mkanda haujulikani ulipo. Ng'ombe sijawahi kuchunga. Zamani hizo mbung'o wa huku hawakuruhusu. Huyo wa kwenye wimbo, Rozalia, nilimtoa kwenye picha ya kopo la maziwa.

Nimekuja kwa sababu ya Ausi. Alikuwa akinipigia gitaa. Sasa anawaambia watu wa Nachingwea kwamba wimbo ni wake. Jumamosi mtangazaji mmoja, Prisca, anafanya kipindi cha nyimbo za zamani pale sokoni. Anayedai wimbo alete shahidi mmoja aliyeusikia enzi hizo. Atakayeaminiwa, jina lake litatangazwa na ndilo litakalokaa kwenye rekodi mpya. Wenzetu wote wa bendi wamefariki. Shahidi sina.

Jioni Ausi ametuma karanga za kuchemsha na salamu. Karanga! Anatafuta nini? Sijagusa. Beatrisi amezila zote na bado yu mzima, lakini ni mapema mno kusema.

Jumatano, 11 Juni.

Nimeamshwa na wimbo wangu mwenyewe.

Si ndoto. Ng'ambo ya kijito, mwanamume anaimba kiitikio, na koo linavunjika pale pale ninapolivunja mimi. Nimetoka na fulana. Mtu wa miaka arobaini hivi, fimbo begani, ng'ombe nyuma yake. Beatrisi anasema ni Mahona, Msukuma, alihamia na mama yake na mifugo miaka michache iliyopita. Nikamuuliza Beatrisi, mtu wa Kanda ya Ziwa amekipata wapi kiitikio changu? Akasema labda amefundishwa na ng'ombe. Mpwa wangu ana mdomo wa baba yake.

Mimi naona wazi. Ausi amemfundisha. Jumamosi watasema ni wimbo wa wafugaji tu, wa kila mtu, na mimi nimeuokota.

Mpango: kujificha kwenye mbaazi za Beatrisi, kumsubiri apite akiimba, kumkamata kwa maswali ya ghafla. Nikajificha. Akapita kimya. Nikaona nimchokoze. Nikaanza ubeti wa kwanza taratibu, kisha kiitikio, ili aitikie.

Hakuitikia yeye. Waliitikia ng'ombe. Wote! Waliingia shambani, wakanizunguka, wakawa wanatafuna mbaazi huku wakinitazama usoni. Nimetokea upande wa pili kwa mwendo usiofaa umri wangu.

Beatrisi amelia. Nimemwambia wafugaji ndivyo walivyo.

Alhamisi, 12 Juni.

Kikao kwa mtendaji wa kijiji. Mahona ameapa kwamba ng'ombe wake hawaingii shamba la mtu hivi hivi. Huitikia wimbo mmoja tu, wa marehemu baba yake, na jana kuna mtu aliwaita. Watu wamecheka. Mimi nimecheka kuliko wote. Mtendaji akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Sikuona haja ya kumchosha.

Imeamuliwa Mahona ampe Beatrisi ndama jike na ahamishie kundi ng'ambo ya barabara. Amekubali bila kubisha. Mtu asiyebisha anaficha kitu. Halafu hilo la marehemu baba yake. Marehemu hahojiwi. Ausi amepanga vizuri.

Ijumaa, 13 Juni.

Ndama ameletwa asubuhi. Mwekundu, paji jeupe. Beatrisi amefurahi hata amesahau mbaazi. Akaniambia amekuja na jina lake kabisa. Anaitwa Rozalia.

Nimekaa chini.

Rozalia yumo kwenye ubeti wa pili. Ausi hakuwahi kuukariri ubeti wa pili. Alikuwa akihangaika na nyuzi. Kwa hiyo anacho kitu. Mkanda? Amekaa na mkanda wangu miaka yote hii?

Mchana mama yake Mahona amekuja mwenyewe. Anaitwa Limi, bibi wa umri wangu, ameshika kibuyu cha maziwa mgando. Amemwambia Beatrisi kwamba amesikia mgeni wake ni mwimbaji wa zamani, na kuna jambo la wimbo anataka kumuuliza. Kumuuliza! Yaani nitoe ubeti wa tatu, wakamalizie kazi. Nikamtuma Beatrisi aseme ninaumwa. Bibi akasema atasubiri. Akakaa uani hadi alasiri, akizungumza na ndama. Mimi chumbani, nimelala na kofia, nisionekane dirishani.

Beatrisi amesema nina roho ngumu. Amesema, Mjomba, umezunguka nchi nzima kutafuta shahidi na mtu anakuja na maziwa unajifungia. Watoto hawajui vita.

Jumamosi, 14 Juni. Nachingwea.

Siku yenyewe. Ausi amefika na kofia pana. Nyeupe! Amenikumbatia mbele za watu, akaniuliza kama huko Iringa wananipa blanketi la kutosha. Mzee amekonda, mkono wa kushoto unatetemeka. Maigizo.

Mstari wa mbele, nani? Limi. Amepanda bodaboda kutoka Nanganga, kitenge kimejaa vumbi. Ameinua mkono kabla hata Prisca hajamaliza kusalimia. Nikamwahi Prisca. Nikamnong'oneza kwamba bibi yule ni mtu wa Ausi, amefundishwa, na kama nikimsikia kwenye kipaza sauti mimi naondoka. Prisca akanitazama sana. Akamwomba bibi asubiri.

Shahidi wa Ausi alikuwa shemeji yake, Imrani. Ameapa alikuwepo studio. Prisca akamuuliza amezaliwa mwaka gani. Akasema themanini na mbili. Soko zima limeanguka kwa kicheko. Ausi akaimba. Ubeti wa pili akauvumisha kwa mdomo uliofungwa. Nilikuwa nimeshinda! Ilibaki shahidi mmoja tu upande wangu. Yeyote.

Prisca akaniuliza mara mbili. Nikasema sina.

Ametangaza kwamba wimbo utarekodiwa na vijana wa hapa, mtunzi hajulikani.

Nje, karibu na bodaboda, Limi amenikuta. Akaimba ubeti wa pili wote, taratibu, kwa lafudhi yake, bila kukosea neno. Kisha akasema:

"Baba, redio ilitaja Edwin Chilumba wa Nachingwea. Mume wangu aliukariri ule wimbo, akachungia ng'ombe mpaka anakufa. Kila kundi letu lina Rozalia wake. Tulipohamia huku nikasema labda nitamwona aliyetutungia. Nilitaka kuwaambia watu hilo tu."

Akapanda bodaboda, akaondoka.

Jumapili, 15 Juni. Nanganga, kituo cha basi.

Nimelitafakari kwa makini. Amejua jina langu. Amejua ubeti wa pili. Nani angeweza kumweleza yote mawili? Ausi peke yake. Na ameanza mapema, tangu kwa marehemu mume wa yule mama, huko huko Ziwa. Ng'ombe vizazi na vizazi! Sikujua kama ana subira kiasi hicho.

Beatrisi amenifungia kibuyu cha maziwa mgando. Nimeonja kidogo, kwa uchunguzi. Mazuri sana. Nayo hiyo ni dalili.

Kundi la Mahona lilikuwa ng'ambo ya barabara, kama mtendaji alivyoagiza. Basi likaonekana mbali. Nikataka uhakika wa mwisho, nikaimba kiitikio kwa sauti ya chini kabisa. Wakavuka lami wote, wakasimama mbele yangu. Basi limepiga honi mpaka dereva amechoka. Mahona amekuja mbio, akanitazama mimi, akawatazama ng'ombe. Akavua kofia.

"Kumbe ni wewe, mzee."

Nikamwambia simjui Ausi yeyote na sina la kusema. Akawaondoa ng'ombe barabarani kwa kuimba, ubeti wa pili, na mimi nikapanda basi.

Sitarudi.