Kidole Kilikuwa Eneo Lisiloruhusiwa

Jumatatu saa mbili na dakika tano asubuhi, Mkurugenzi Mkuu wa kiwanda cha kusindika mananasi alipanda juu ya kreti akatangaza kwamba kuanzia muda ule ajali zimefutwa. Si kupunguzwa. Kufutwa. Vilevile, uchafuzi wa mto ulio nyuma ya kiwanda umesitishwa hadi taarifa nyingine. Wafanyakazi walishangilia sana, maana msimamizi alikuwa akiandika majina ya wasiopiga makofi.

"Na ili kutekeleza azma hii," akasema, "namteua Mlinzi Mkuu wa Usalama na Mazingira."

Akamnyooshea kidole Mama Vizibo.

Mama Vizibo alikuwa na miaka kumi na miwili kwenye meza ya kufunga makopo, na sifa moja iliyoipendeza menejimenti: hakuwahi kuuliza swali. Alivishwa kizibao cha kijani, akapewa filimbi na mwongozo wa kurasa thelathini na moja, wenye sahihi ya Mkurugenzi na mihuri mitatu. Mwongozo wenyewe ulikuwa umenakiliwa kutoka kiwanda fulani cha maziwa. Ukurasa wa sita bado uliwataja ng'ombe.

Menejimenti haikujua kwamba mama huyu alikuwa na lake moyoni. Mwezi uliopita wifi yake alikatwa ncha ya kidole na mashine ya kumenyea. Kinga ya kisu ilikuwa imeondolewa kwa kosa la kuchelewesha uzalishaji. Ripoti rasmi ilieleza kwamba kidole kilikutwa eneo lisiloruhusiwa, na wifi akaandikiwa barua ya onyo.

Basi Mama Vizibo akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na mtu yeyote katika kampuni ile. Aliusoma mwongozo. Aliusoma jikoni kwake mpaka sufuria ikaungua.

"Wifi, njoo usikie. Kifungu cha tisa: Mlinzi Mkuu atasimamisha mashine yoyote isiyo na kinga, na hakuna wa kuiwasha tena ila yeye."

"Hata bosi?"

"Hapa bosi hajatajwa. Ng'ombe wametajwa."

Alhamisi wakaja wageni: mnunuzi mkubwa wa makopo, pamoja na mkaguzi wa serikali. Mkurugenzi alikuwa anawaeleza jinsi anavyowapenda wafanyakazi wake kama wanawe wa kuzaa, filimbi ikalia. Mashine ya kumenyea ikanyamaza.

Mkurugenzi akamsogelea Mama Vizibo, tabasamu likiwa bado usoni. "Mama, unafanya nini?"

"Nimesimamisha mashine, bosi. Haina kinga."

"Ule mwongozo ni wa kubandika ukutani, si wa kusoma!"

Alinong'ona. Lakini mashine ikiwa imezimwa, kiwanda kizima kilimsikia.

Mkaguzi akavaa miwani, akauomba mwongozo. "Sahihi hii ni ya nani?"

Mkurugenzi aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetarajia sahihi ijieleze yenyewe. Kuikana mbele ya mnunuzi kusingewezekana.

"Yangu," akasema. "Na hili ni zoezi. Nimelipanga mimi mwenyewe."

Mnunuzi akafurahi kupita kiasi. "Vizuri sana! Basi tulione zoezi lote."

Mama Vizibo akafunua kurasa bila haraka. "Kifungu cha kumi na nne. Kila siku, kabla maji machafu hayajafunguliwa kwenda mtoni, Mkurugenzi mwenyewe ataingia kwenye mtaro wa kuchujia, atatoa makapi kwa mkono, mpaka Mlinzi Mkuu aridhike."

"Mpaka aridhike?" akauliza Mkurugenzi.

"Ndivyo ulivyosaini, baba."

Buti zikaletwa. Zilikuwa za mguu mmoja, zote za kushoto, kwa sababu ununuzi wa vifaa vya usalama nao uliwahi kupitishwa na ofisi yake.

Kinga ilirudishwa jioni ileile, na onyo la wifi likafutwa kwa barua yenye mihuri mitatu. Mkaguzi naye akaagiza zoezi liendelee, kwa kuwa lilimvutia sana.

Wiki ya tatu sasa. Asubuhi hii Mkurugenzi amesimama mtaroni, maganda yamemfika kiunoni, nzi wanamjua. Wafanyakazi wanapita kwenda kazini wakimwamkia kwa heshima zote.

"Mama Vizibo, nakuomba. Imetosha?"

Mama Vizibo akachota maji kwa glasi, akayainua kwenye mwanga, akayatazama upande huu na upande ule.

"Bado, bosi. Pale kwenye kona hujapafikia. Inama."