Kimashine cha Mzee Kilichokataa Kuzimika

Leo nimejivunjia heshima ukweni, kwa betri niliyoichomelea mwenyewe.

Mzee Wafula, baba wa mchumba wangu Nambozo, ni dereva mstaafu wa malori, Mkenya aliyelowea Mbale. Ana kimashine cha michezo cha kushika mkononi, cha zamani, kinachokula mawe mawili ya tochi kila juma. Alinikabidhi akasema: "Bwana msomi, kifanye kichajiwe kama simu. Hapo nitajua binti yangu amepata mtu." (Watahini wangu wa uzamili hawajawahi kunitisha hivyo.)

Nilipima volti mara nne. Nilichora mchoro. Asubuhi, chumbani kwangu mtaa wa Walukuba, nikachomelea betri ya simu. Risasi ya kuchomelea ikayeyuka, ikang'aa kama tone la umande, nami nikaelea: nikamwona Mzee barazani, vitofali vya mchezo vikishuka taratibu kama mvua ya mbali, akiniita mwanangu. Nikaziba mfuniko kwa gundi.

Kituoni Nalufenya, nikingoja gari la Mbale, nikagundua: hakizimiki! Waya nilikuwa nimeupitisha kando ya swichi. Nikapunguza sauti hadi sifuri, nikajiona mwerevu.

Mbale, mawingu yalikuwa yamelala juu ya mlima Wanale. Niliingia kwa Mzee kama atembeaye ndotoni. Nambozo akaubeba mfuko wangu, sukari na kimashine humohumo, akaupeleka jikoni kwa mama yake. Kwao, mkwe na mama mkwe hawagusani kamwe. Ndiyo maana mama alikaa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni.

Mzee akaanza kuombea chakula. Akaziombea na barabara zote hadi Mombasa. Nikasinzia, kwa utamu.

Tiriri-tiriri-tiii!

"Bomu!" mama akapiga yowe jikoni. Bila shaka, akitoa sukari, alikuwa amebonyeza kitufe cha sauti.

Pazia likafunuliwa. Mama akatoka mbio, kimashine mkononi kama kaa la moto. Nami, badala ya kukimbia (mwanasayansi!), nikamdaka mikono yote miwili.

Kimashine kikaendelea kupiga muziki.

"Umemshika," akasema Mzee.

"Nimeshika kimashine, Mzee."

"Na hivyo vidole vilivyo katikati ni vya nani?"

Nikatazama. Havikuwa vyangu.

"Basi kizime, Profesa!"

"Hakizimiki, Mzee."

"Toa mawe!"

"Nimetia gundi."

Nambozo alicheka hadi akakaa chini. Mazungumzo ya ndoa yamesimama mpaka nilete mbuzi wa kuniondolea mwiko. Nimetolewa nje, uani, ninakoandika haya. Ndani, Mzee anacheza, na mama anamwelekeza kutoka nyuma ya pazia.

Jamani, msinicheke. Angalau subirini chaji iishe.