Bango la Lorna Halitoki

Jumatano, 5 Novemba
Tumeshindwa. Haas kakosa umeya, kaupata Rusk. Jirani yangu Delbert Kosik kapiga honi toka kona ya mtaa hadi mlangoni kwake. Mtu mzima yule! Kisha akavuka barabara, mpole kama washindi wote, akasema yeye ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa na mabango yote ya kampeni yang'olewe kabla ya Jumatatu. Na langu la Haas. Nikamwambia si langu, ni la mke wangu. Akatazama viatu vyake. Akasema kanuni ni kanuni.

Lorna alilipigilia mwenyewe mwezi Septemba, kwa kisigino cha buti, huku akiimba. Oktoba tukamzika.

Halitoki.

Ijumaa, 7 Novemba
Mbinu: majani makavu. Nimekusanya ya uwanja mzima, nikalifukia bango hadi juu. Lisiloonekana halipo! Nikaingia ndani kujipongeza.

Upepo. Bango wazi, majani yote kwa Delbert. Mkewe, Bernice, akanipigia kelele toka barazani: siku hizi napeleka takataka nyumba kwa nyumba?

Jumapili, 9 Novemba
Delbert kang'oa mabango yake ya Rusk, kayatupa pipani. Hapo nikapata mbinu ya kweli. Mwenyekiti akikutwa na bango uwanjani kwake, atanidai nini mimi? Gari lao lilipoondoka kwenda kanisani nikavuka, nikatoa moja pipani nilipigilie tena uwanjani kwao.

Bernice hakwenda kanisani! Mafua. Akafungua mlango akanikuta nimelikumbatia bango la Rusk kifuani. Akanikumbatia na mimi. Eti walijua tu kwamba mimi, Orville mzee wao, ipo siku akili zitanirudia. Akanipa pai ya malenge. Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa na habari.

Pai nimeila kwa aibu. Ilikuwa tamu. Lorna, nisamehe.

Jumatatu, 10 Novemba
Delbert kaja na sepetu. Nikasimama mbele ya bango. Akasema nisogee. Nikasema basi anichimbe na mimi. Mapazia yote ya mtaa yakafunguka. Akasema hataki kunigusa, bwana, asilazimishwe. Nikasema aguse.

Akanizunguka, akalishika, akavuta. Wapi! Akavuta tena, uso mwekundu. Ardhi imekaza kwa baridi. Huku anahema akauliza nani kalipigilia hivi. Nikasema anamjua.

Akaliachia bango, akasema yule mama alikuwa mkorofi: alimwambia usoni kwamba Rusk hafai hata kusimamia banda la kuku. Akaanza kucheka, kisha akageuka pembeni kupenga kamasi. Akasema uwanja wa nyuma hauihusu kamati.

Tukachimba bonge zima la udongo, bango limesimama juu yake, tukalibeba wawili hadi nyuma kama keki ya harusi. Halikutikisika.

Alhamisi, 13 Novemba
Naliona toka meza ya jikoni. Nakunywa kahawa nalo. Amani.

Ila Bi Amundsen, jirani wa nyuma, ana bango la Rusk kwenye paa la banda lake. Linamtazama Lorna kwa juu. Kwa juu! Haiwezekani. Nimenunua mbao za jukwaa, nitalipandisha na udongo wake wote.

Delbert kaniazima ngazi. Hakuuliza ya nini. Mtu mwema sana, ila kichwa chake kizito.