Dijei wa Mtambo Mfu

Vidole alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa aliposikia riziki ikibisha hodi.

Kinyozi ndiye aliyeanzisha mambo. Alisema redio yake imekufa, akamwomba mteja wake aunganishe simu na ile spika ndogo iliyo juu ya kioo, watu wasinyolewe kimyakimya kama maiti. Vidole akafungua programu yake ya muziki, akabonyeza kitufe kipya kinachopanga nyimbo chenyewe na kuziunga, kisha akarudi kujitazama kwenye kioo. Wimbo wa kwanza ulipokaribia kwisha, wa pili uliingia chini yake taratibu, mapigo kwa mapigo, hata usijue mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi.

"Dijei gani huyu?" Kinyozi akauliza, mashine ikingali hewani. "Huyu si mtu wa mchezo."

Mwongo mzoefu hafikiri kabla ya kudanganya. Akifikiri, amechelewa.

"Ni mimi," Vidole akasema.

Jina hilo alibatizwa na mtaa, na si kwa sababu ya kazi ya mikono, maana mikono yake haikuwahi kufanya kazi. Alipozungumza, vidole vyake vilicheza hewani, na ulipomaliza kuvitazama ulikuwa umeshakubali jambo. Aliwahi kuuza dawa ya mende ambayo mende waliinenepea. Aliwahi kupangisha nyumba ambazo wenyewe walikuwa bado wanaishi ndani. Kwa sasa alikuwa mapumzikoni, yaani analala kwa mama yake mdogo mpaka jua la mchana limtoe kitandani.

Kwenye kiti cha pili aliketi mzee mnene mwenye taulo shingoni, ndevu zake zimepakwa rangi nyeusi zinangoja kukauka. Huyo alikuwa Mzee Ukumbi, mwenye ukumbi wa harusi nyuma ya soko. Watu walisema wageni huwahesabu kwenye mlango wa kuingilia, na vijiko huvihesabu kwenye mlango wa kutokea.

"Ndiwe?" mzee akauliza bila kutikisa kidevu. "Dijei wangu ameniacha. Alitaka chakula, msaidizi na heshima. Nikamwambia chagua kimoja."

"Mzee wangu, chakula nitakula kwetu. Msaidizi ni vidole hivi. Na heshima nitaichukua kwa wageni."

"Vyombo unavyo?"

"Vyombo!" Vidole akacheka kwa huruma. "Siku nikivitandaza, huo ukumbi utaona haya."

Mzee akasema mshahara hana, ila ubia anaweza. Yeye ataweka ukumbi, Vidole ataweka vyombo, mapato nusu kwa nusu. Mtu mwenye kiasi angebusu mkono wa mzee na kushukuru. Lakini Vidole alipoonyeshwa nusu ya mkate, macho yalimtoka kwa nusu nyingine. Alijua, kama mji mzima ulivyojua, kwamba umeme wa ukumbi ule ulikuwa na kichaa. Kuna bibi harusi aliyewahi kutolewa mle kwa kumulikwa na tochi.

"Watu wazima huwekeana sharti," akasema, vidole vikianza kucheza. "Atakayeuaibisha ukumbi mbele ya wageni, na atoke. Na alichokileta kibaki kwa mwenzake."

Mzee akahema, akajikuna, akaonyesha uso wa mtu aliyekabwa koo. "Kijana, unanibana."

"Biashara ni kubanana, mzee."

Wakapeana mikono, Kinyozi akiwa shahidi. Vidole alitoka pale kwa madaha, anapiga mluzi, akifikiria rangi atakayoupaka ukumbi wake. Alifika nyumbani ndipo akakumbuka kwamba nusu ya kichwa haijanyolewa.

Mtambo wa dijei aliupata kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ulikuwa mpana, wenye vitufe na magurudumu ya kutosha kumtisha mhandisi, na ndani yake hapakuwa na kitu ila mende wanono, labda wateja wake wa zamani. Akaupiga msasa, akaupulizia rangi. Kilichobaki ni spika, na hapo ndipo alipokwama.

Palikuwa na spika mbili kubwa pale sebuleni kwa mama mdogo, zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Zilikuwa za marehemu baba mdogo, mpiga gitaa aliyemlea Vidole tangu akiwa mdogo wa kubebwa. Utotoni alizoea kulala nyuma ya spika hizo, mgongo umeegemea mbao, gitaa la baba likimtetemesha mpaka apitiwe na usingizi. Vidole alishamdanganya karibu kila kiumbe aliyemjua, lakini spika hizo hakuwahi kuzigusa, na alizipenda kuliko kitu chochote.

Mama mdogo alikuwa jikoni anakata vitunguu.

"Mama, naomba spika za baba. Nimepata kazi."

"Kazi? Wewe?"

"Udijei, mama. Kipaji ninacho, kilikuwa kimelala tu."

"Kama mwenyewe." Akafuta mikono, akaenda sebuleni, akazifunua spika moja moja na kuzipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Chukua. Lakini elewa: zinakokwenda hizi, ndiko na mimi nitakakokwenda."

Vidole akayachukua kuwa maneno ya mjane. Akambusu paji la uso, akaenda kutafuta mkokoteni.

Kuna jambo moja ambalo mjanja wetu hakulipigia hesabu. Ile programu ya muziki haikuwa yake. Akaunti ilikuwa ya mama mdogo, aliyeilipia kila mwezi ili asikilize mafunzo ya ufugaji wa kuku. Vidole alimwomba nywila aitumie siku moja, na siku hiyo ilikuwa haijaisha mpaka leo. Akaunti ilikuwa moja na simu mbili: moja ikipiga, nyingine hunyamaza mpaka ile izimwe. Hawakuwahi kugongana kwa sababu mama alisikiliza kuku wake asubuhi, wakati mwanawe anakoroma.

Harusi ya kwanza ilifana. Vidole alisimama nyuma ya mtambo, koti linametameta, hedifoni kichwani na mwisho wa waya wake mfukoni mwa suruali. Simu ilikuwa ndani ya koti, inazungumza bila waya na kidude alichokichomeka nyuma ya spika. Programu ilizimwaga nyimbo na kuzisuka, naye akafuata nyuma kwa mikono: akazungusha hiki, akasukuma kile, akafumba macho, akauma mdomo. Shangazi wa bwana harusi aliapa kwamba madijei ameona wengi, ila huyu anapiga kwa hisia. Bwana mmoja mwenye miwani alimweleza jirani yake kitufe kipi kinafanya kazi gani, na hakukosea hata kimoja, kwa kuwa havikufanya chochote.

Kisu kilipogusa keki, muziki ukakatika.

Moyo wa Vidole ulilipuka kwa furaha. Umeme! Ukumbi ni wake! Akainua macho juu kushuhudia ushindi, akakuta taa zinawaka na mapangaboi yanazunguka bila wasiwasi. Akachungulia mfuko wa koti. Simu ilimwambia kwa adabu kwamba akaunti hii inatumika kwenye simu ya Mama. Akabonyeza. Wimbo ukarudi kwa pumzi moja, ukakatwa tena. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama, na vidole vyake, kwa mazoea, vilikuwa bado vinacheza juu ya kimya.

Lakini mjanja hafi kwa risasi moja. Akashika maikrofoni.

"Mabibi na mabwana, nimenyamazisha kwa makusudi. Tusimame, tuinamishe vichwa, tuwakumbuke wazazi waliotutangulia, ambao leo wangependa kuionja keki hii."

Watu wakasimama. Mama wa bwana harusi akaanza kulia. Mpiga picha akashusha kamera. Vidole naye akainama, na alipomkumbuka baba mdogo na lile gitaa, machozi yakamlengalenga. Yalikuwa machozi ya kweli, na yalimshangaza mwenyewe.

Hapo ndipo muziki uliporudi.

Ulirudi kwa sauti ya juu kabisa, tena wimbo wa kukatikia viuno. Babu mmoja aliyekuwa katikati ya kumwombea marehemu mkewe alishtuka akaangukia keki. Vidole akaurukia mtambo, akabonyeza kila kitufe, na wimbo ukazidi kunoga. "Zima!" watu wakapiga kelele. "Huna adabu! Zima!" Mjomba wa bibi harusi, pande la mtu, akaja mbio, akaushika waya wa mtambo na kuuvuta kwa nguvu zote za mtu anayeng'oa muhogo. Akarudi nyuma nao ukining'inia mkononi, mwepesi. Haukuwa umechomekwa popote. Na muziki ukaendelea.

Ukumbi ukatazama waya, ukamtazama Vidole. Yule bwana mwenye miwani akavua miwani.

"Ukumbi wangu umeaibika?" Mzee Ukumbi akauliza kwa upole.

"Mzee, sikiliza..."

"Kinyozi! Sharti unalikumbuka?"

"Neno kwa neno," akasema Kinyozi kutoka meza ya wageni, mdomo umejaa keki.

"Chukua mtambo, mzee! Chukua koti! Spika si zangu, ni za marehemu!"

"Kwa kinyozi hukusema hivyo," mzee akajibu.

Vidole alirudi nyumbani kwa miguu huku analia. Watu aliowadhulumu hawakuwahi kumkosesha usingizi, lakini zile spika zilimuuma mpaka mifupani. Alimkuta mama mdogo sebuleni, amekaa kati ya mabegi yaliyofungwa.

"Mama, nisamehe. Nimepoteza spika za baba."

"Hazijapotea. Ziko kwa mchumba wangu."

Vidole akatafuta pa kukaa.

"Zile ndevu," mama akasema, "ulidhani zinapakwa rangi kwa ajili ya nani?"

"Mama! Yule bahili?"

"Ni bahili, ndiyo, na mimi nina mtoto mvivu. Tukaona kila mmoja alete mzigo wake. Nilimwambia siolewi nikakuacha humu unaoza kitandani. Akasema nitampa kazi. Nikamwambia kazi ya halali huyu haiendei. Mpe kitu aone anaiba, utashangaa atakavyoamka mapema. Kinyozi akatusaidia."

"Kwa hiyo lile swali la dijei gani huyu..."

"Alilifanyia mazoezi."

"Na kuku wako? Kwenye keki?"

Uso wa mama ukabadilika. "Ubia ulikuwa wa kweli, mwanangu. Nusu ile ungepewa, ukaila kihalali. Lile sharti la kumtoa mzee wa watu kwenye ukumbi wake, hilo lilitoka kichwani mwako. Aliponisimulia niliona aibu, nikalia. Kisha nikamwambia, mkifika kwenye keki unipigie, nami niwashe kuku wangu."

 Kwa mara ya kwanza mikono ya Vidole ilitulia mapajani.

"Na mimi sasa?" akauliza hatimaye.

"Wewe ni mwanangu. Mtoto hafukuzwi, hupangiwa kazi. Bebea mama mabegi."

Mwanzoni mzee, kwa ubahili wake, alijaribu kuiweka simu peke yake mezani na kuiacha ipige. Wageni wakanuna. Walisema hawakuvaa viatu vya kuwabana ili waje kutazama simu. Wanataka kumwona mtu anatoka jasho. Basi Vidole akarudishwa nyuma ya mtambo, safari hii kwa mshahara wa kibarua. Huamka alfajiri, hufagia, hupanga viti, huzipangusa spika za baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Akimwita Mzee Ukumbi, husema Baba, ingawa neno hilo bado hajalizoea.

Siku nyingine husahau. Ukumbi ukichangamka, hushika maikrofoni na kuanza kuwaeleza wageni jinsi alivyousuka mchanganyiko huu kwa vidole vyake hivi, usiku na mchana. Ghafla muziki hukatika. Vidole huinua macho: taa zinawaka, mapangaboi yanazunguka. Hushusha macho mpaka viti vya mbele, na kutoka kwenye simu ya mama mdogo husikia sauti ya mwalimu ikieleza namna ya kumtambua kuku asiyetaga bali huwika tu.

Huiweka maikrofoni chini, akaenda kupanga viti.